Siku Tuliyotafuta Mahali pa Kumzika Ndugu Yangu

Nikimwambia mtu kwamba ndugu yangu alifia Garissa, tena wakati wa vita vya mashifta, wale waasi waliotaka kujitenga, haniachi nimalize. "Ah, risasi," anasema, na kutikisa kichwa. Au, "Lilikuwa bomu la barabarani?" Watu wanapenda kumalizia wenzao habari zao. Hapana bwana. Ndugu yangu hakuguswa na risasi wala bomu. Alikuwa akimkimbiza mtoto wa ngamia kando ya mto, asubuhi jua halijakolea, akacheka, akaketi chini, kisha akajilaza. Waliokuwa naye walidhani ni mzaha, maana kwake kila kitu kilikuwa mzaha, wakaendelea kunywesha wanyama wao. Mpaka leo sijui ni nini kilichomchukua. Daktari alisema moyo. Moyo gani, kijana hata ndevu hazijamshika? Baadaye nilimwuliza hivyo hivyo usoni, naye akakohoa akatazama viatu vyake.

Mimi nilifika Garissa nikiwa mke wa fundi. Mume wangu alikuwa anatengeneza magari ya serikali, akaambiwa aende huko kwa muda mfupi, na huo muda mfupi ukala miaka. Kwetu ni Ukambani, mbele ya Mwingi, si mbali hata kidogo ukiangalia ramani. Lakini vita vilipopamba moto, kwetu kukawa mbali kama Uingereza. Gari halivuki daraja ila katika msafara wenye ulinzi, na msafara unapita unapotaka wenyewe. Jioni saa kumi na mbili kafyu, kila mtu ndani. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wamekusanywa vijijini karibu na mji, wanalindwa kama wafungwa, mifugo inatoka asubuhi na kurudi kabla ya filimbi. Sisi watu wa bara tuliwaogopa wao, wao waliwaogopa askari wetu. Sokoni tulizungumza bei ya maziwa tu, na hata hiyo tuliizungumza huku kila mmoja anaangalia pembeni.

Ndugu yangu akaja katikati ya hayo yote, ati kunisalimia.

Lazima niseme jinsi alivyokuja, kwa sababu mama hakutaka. Baba yetu alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma, na Burma ikamla. Ndugu yangu alikuwa bado tumboni. Mama hakupewa maiti, hakupewa kaburi, alipewa habari tu. Kwa hiyo alipomruhusu huyu kitinda mimba wake apande lori la kuja kwangu, alinitumia neno kwa mdomo wa dereva: "Mume wangu sijui amelala wapi. Huyu nataka nijue. Likitokea la kutokea, mrudishe nyumbani, hata kama ni kwa mkokoteni." Nilicheka niliposikia. Nikasema mama anatabiri mabaya bure.

Alikuja kwa wiki mbili. Akakaa zaidi ya miaka miwili. Siku ya pili tu alipotea, nikamtafuta nusu ya mji roho juu, nikamkuta kwenye soko la mifugo amesimama mbele ya ngamia dume, anamgusa mdomo kwa kidole. "Dada," akaniambia, wala hata hakugeuka, "umeona? Mdomo wa juu umegawanyika, kila upande unakula peke yake." Mimi nilikuwa nimekaa Garissa muda wote ule na sikuwa nimeuona mdomo wa ngamia. Nilimshika sikio nikamrudisha nyumbani, mtu mzima mwenye cheti cha shule.

Kazi? Alifanya kila kazi na hakufanya yoyote. Alikuwa utingo wa lori, akapaka rangi vibao vya maduka, akawa mkalimani wa wachuuzi, maana Kisomali alikishika haraka kuliko nilivyoshika mimi njia ya kwenda dukani. Akitoka anavaa suruali, akirudi amevaa kikoi. Akienda na viatu, anarudi na makubadhi ya ngozi ambayo hayakuwa yake. Wasomali wakampa jina la utani, ambalo kwa lugha yao ni mtu asiyetulia. Na kweli hakutulia. Alikuwa kiguu na njia. Mara moja alitoweka hadi nikaanza kunywa chai bila sukari kwa wasiwasi, kumbe amefuata ngamia wa watu hadi Sangailu, akaona Sangailu haimtoshi, akaendelea mpaka Hulugho, karibu na mpaka, wakati askari wanafyatua kwanza na kuuliza baadaye. Alirudi midomo imepasuka na macho yanang'aa. Nilimzaba kofi.

"Ulikwenda kutafuta nini huko?"

"Kuona tu, dada."

"Kuona nini?"

"Sasa ningejuaje kabla sijaona?"

 Mume wangu, mpole kama alivyo, alisema kijana huyu atatutia kitanzi shingoni. Majirani walinong'ona kwamba ni shifta. Mimi niliwaambia waziwazi kwamba shifta gani anayekuja kwangu kuomba nimkatie kucha za miguu. Lakini usiku nilikuwa nawaza. Nilikuwa nasubiri risasi, kama kila mtu. Ndiyo maana alipokufa kwa kuketi chini, akili yangu ilikataa kabisa.

Aliyeniletea habari ni mzee mmoja mwenye ngamia, ambaye ndugu yangu alikuwa akishinda kwake. Nilikuwa namwona sokoni na mke wake, mama mwembamba aliyeuza maziwa, lakini sikuwahi kuwaalika hata maji. Alisimama mlangoni pangu, hakuingia, fimbo imelazwa mabegani.

"Abaayo," akasema. Ndivyo Wasomali wanavyomwita dada. "Bole. Kijana yetu amekufa."

Nilidhani sikumwelewa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Nikamwambia aseme tena, akasema tena, na machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya uso wake bila yeye kuyajali. Hapo nikaelewa.

Tulimkuta amelazwa kwenye mkeka, ndani ya nyumba ya mzee, mojawapo ya zile nyumba za miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka. Daktari alikuwa ameshaitwa na ameshaondoka. Hakuwa na jeraha. Mchanga wa mto ulikuwa bado kwenye nywele. Nikamtikisa bega, nikamwita kwa jina lake la nyumbani, nikamwambia aache upuuzi. Mke wa mzee akanishika mikono kwa nyuma, akanikumbatia, tukaanguka wote wawili chini. Nililia mpaka nikaishiwa sauti.

Kisha mzee akasema wanataka kumwosha, wamzike kabla ya magharibi.

Nikanyanyuka kama niliyemwagiwa maji. "Hazikwi hapa. Anakwenda kwa mama yake." Nikamweleza kila kitu, kwa Kiswahili kifupi ili asikose neno: Burma, baba, kaburi ambalo halipo, mama anayengoja. Mzee alisikiliza kwa makini. Hakubisha. Alisema tu, "Gari iko wapi?"

Mume wangu alikwenda afisini mbio. Akarudi amelowa jasho. Hakuna gari litakalovuka daraja mpaka msafara wa wiki ijayo. Alikuwa ameomba, amepiga magoti nusu, wakamwonea huruma, lakini amri ni amri. Na Garissa nzima hapakuwa na mahali pa kumhifadhi maiti mpaka wiki ijayo. Joto la Garissa unalijua? Nyama ya asubuhi haifiki jioni. Nisamehe kusema hivyo juu ya ndugu yangu, lakini ndivyo nilivyokuwa nafikiri, na mume wangu alikuwa anafikiri hivyo hivyo, tukaogopa kuangaliana.

Basi azikwe Garissa, lakini Garissa ipi? Kulikuwa na uwanja wetu nyuma ya kanisa, palipozikwa watu wa bara waliofia kazini. Mume wangu akamwendea mwinjilisti. Mwinjilisti akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya, lakini alisema ndugu yangu ameonekana msikitini, si mara moja, na kabla hajafungua kinywa juu ya kaburi lake anataka kujua kama alikuwa bado wetu. "Dada yake aseme," akasema. "Akisema alikuwa Mkristo, nitamzika."

Mzee naye akasema vivyo hivyo kutoka upande wake. "Wewe dada yake. Ukisema si Islamu, chukua. Lakini sikiliza kwanza." Akaketi mbele yangu kwenye mchanga. "Tulikuwa malishoni, mbali. Mbuzi imefunjika mguu. Mimi mgonjwa, watoto hawajui. Yeye kachukua kisu, kasema bismillahi, kachinja. Fizuri kabisa, kama mtu yetu. Mimi nimekula, bibi amekula, watoto wamekula. Kama yeye si Islamu, abaayo, sisi tumekula nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona tulikuwa tumekosana wapi. Kwetu, mwenye kisu kikali na mkono usiotetemeka ndiye anayechinja. Ndugu yangu alichinja kuku wote wa mtaa wetu tangu utotoni, hata wa majirani wasiomwomba. Kwa mzee, mtu ambaye si Mwislamu hawezi hata kufikiria kushika kisu kile mbele ya watu watakaokula. Kwa hiyo hakumwuliza. Na ndugu yangu, kwa vile hakuulizwa, alichinja. Alikwisha kuwasikia wakisema bismillahi mara nyingi, na alikuwa na sikio la kasuku. Au alikuwa amesilimu kweli? Hilo ndilo lililokuwa linanikwaruza. Mimi dada yake, niliyemkata kucha, nilikuwa sijui.

Nikaanza kuuliza. Niliuliza kama mwendawazimu, jua la saa saba likinipiga utosini, kila mtu aliyekuwa pale. Mfugaji mmoja kijana alisema Ijumaa iliyopita alisimama naye safu ya pili, bega kwa bega. Mwingine alisema ndiyo, lakini alikuwa akichungulia wengine ili ajue lini ainame. Mwenye duka Mswahili, aliyeleta sanda bila kuombwa, alisema ndugu yangu alifunga Ramadhani nzima. Nikasema najua, nilimwona, aliniambia anataka kujua njaa inaanza saa ngapi.  "Mimi aliniambia jambo jingine," akasema. "Alisema siku ya kumi hivi njaa ilimwacha, akahisi mwepesi, akaogopa." Hilo hakuniambia mimi. Mimi aliniletea mzaha, mwenye duka akampelekea hofu yake.

Nikamwuliza mke wa mzee, kwa ishara na kwa msaada wa yule kijana mfugaji. Ulimsikia akitoa shahada? Mama yule alifikiri. Alisema hakumsikia. Alichosikia ni maswali. Kila jioni ndugu yangu alikuwa akikaa pale mama yule anapofukizia vibuyu vyake vya maziwa kwa moshi, anauliza kwa nini moshi wa mti huu na si ule, kwa nini maziwa ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe, kwa nini mwanamke akiolewa anafunika nywele kwa kitambaa cheusi, Mungu anasikia Kisomali au Kiarabu peke yake. Siku moja akamwuliza, "Mama, mtu akifa kwenu ambaye hana mtu, nani anamzika?" Naye akamjibu kwamba kwao hakuna maiti asiye na mtu. Ndugu yangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimshangaza mama yule kuliko swali lenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa na ndugu wangapi? Kila mtu alikuwa na wake. Nilirudi ndani nikaketi karibu na mkeka, nikamtazama usoni muda mrefu, nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa amefumba mdomo. Sikuwahi kumwona amefumba mdomo. Nilimkasirikia, wallahi nilimkasirikia, kwa kuwa alikuwa ameniachia mtihani na kuondoka na majibu.

Alasiri ilipoingia nikatoka nje. Mume wangu alikuwepo, mzee alikuwepo, mwinjilisti alikuwa amekuja na Biblia kwapani. Wote walinigeukia. Nikasema, "Sijui."

Mwinjilisti akashusha pumzi. Mume wangu akanivuta pembeni, akaninong'oneza niseme ni Mkristo tu, kwani nani atanishtaki. Lakini sikuweza. Ningesema Mkristo, ningemvua mzee yule mbuzi wake tumboni mbele ya watoto wake. Ningesema Mwislamu, ningekuwa nimesema kitu nisichokijua juu ya mtoto wa mama yangu. Kweli niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja, sijui, na haikumfaa mtu yeyote.

Ni mzee aliyeitumia. Alisema taratibu, "Kama hujui, sisi tunashika kile macho imeona. Ndani ya moyo ni ya Mungu. Macho yetu imeona anafunga, imeona anasimama safu." Akamgeukia mwinjilisti kwa adabu. "Na wewe, macho yako imeona nini?" Mwinjilisti alikuwa mkweli. Alisema kanisani kwake hajamwona tangu Krismasi. Basi ikawa hivyo, naye akarudi kwake.

Wanaume walimwosha. Walimkafini kwa sanda ya mwenye duka. Walimsalia, sisi wawili watu wa bara, mimi na mume wangu, tukiwa tumesimama kando. Kisha wakambeba kwenye jeneza la kamba kuelekea makaburini, na mke wa mzee akanishika mkono kunirudisha, maana wanawake hawaendi. Nikauondoa mkono wake polepole. Nilikuwa nimeambiwa na mama nijue mahali anapolala, na hakuna aliyenifundisha namna ya kujua mahali bila kwenda. Nikafuata. Wanaume wawili waligeuka kunitazama vibaya. Mzee akasema neno moja kwa Kisomali, wakatazama mbele. Nilitembea nyuma yao, peke yangu, na mume wangu alikuwa huko mbele amebeba pembe moja ya jeneza.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na mwanandani, ule ufa wa kumlazia maiti, umechongwa upande. Walikuwa wanamteremsha ndipo tukasikia lori. Wakati ule, Wasomali wengi wakikusanyika karibu na saa ya kafyu, askari hawakuuliza ni msiba au harusi. Waliruka chini bunduki mkononi, wakapiga kelele watu wote wakae. Watu wakakaa. Mzee alikaa pia, lakini mkono wake ulibaki kwenye sanda. Kwa mara ya kwanza siku ile niliwaona wanaume wale wanatetemeka, na niliona aibu kwa sababu nilijua askari wale wanatoka kwetu.

Koplo akaja mpaka ukingoni. "Mnamficha nani hapa? Fungueni."

Lafudhi yake ilinitosha. Nikamwambia kwa Kikamba, "Ni ndugu yangu."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. Akapiga goti, akafunua uso kwa vidole viwili. Kisha akakaa chini kabisa kwenye udongo, bunduki mapajani.

"Huyu?" akasema. "Huyu ndiye anayetupigia ngoma kambini. Kila Jumapili, ibadani. Jumapili iliyopita alitufundisha wimbo mpya, tukauimba mpaka kasisi akasahau mahubiri yake."

"Jumapili iliyopita?" nikamwuliza.

"Jumapili hii iliyopita."

Ijumaa safu ya pili, Jumapili ngoma. Nikacheka. Nilicheka pale makaburini, wanaume wamekaa chini mikono kichwani, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakimaliza. Mpumbavu yule. Mpenzi wangu yule. Mzee aliniuliza kwa wasiwasi, "Abaayo, askari anasema nini?"

"Anasema alimjua," nikamwambia.

Koplo akawa ameshaita wenzake, nao wakashusha bunduki, mmoja akavua kofia. Akaniuliza kwa nini namzika huku, nikamweleza habari ya msafara, na ya mama. Akajikuna shingo. Akaangalia huku na huku kama anayeiba. "Sisi hatungoji msafara," akasema. "Kesho alfajiri lori hili linavuka daraja. Tunapita Mwingi. Ukitaka, tunampeleka mpaka mlangoni kwa mama. Lakini sema sasa."

Sema sasa! Siku nzima nilikuwa nimeomba lori, na lori limekuja ndugu yangu akiwa ameshaingizwa nusu kaburini. Niliangalia mikono ya waliomchimbia, ina udongo mpaka viwikoni. Waliacha mifugo yao. Walimwosha. Ningewaambiaje mtoeni? Tena mbele ya bunduki, ili waone kwamba watu wa bara wamekuja kuchukua hata maiti? Mume wangu alinitazama akatikisa kichwa kidogo, maana yake tuache, yamekwisha. Na mimi nilikuwa namwona mama, amekaa kwenye kigoda chake nje, anatazama barabara.

Nikamwendea mzee. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia lori linaweza kumfikisha kwa mama kesho. Nikamwambia sitamtoa bila ruhusa yake. Akiniambia hapana, nitakwenda kwa mama mikono mitupu.

 Mzee alitazama ndani ya kaburi. Kijana mmoja nyuma yake alisema kitu kwa hasira, na mwingine akaitikia. Mzee akanyanyua kiganja kuwanyamazisha.

"Hooyo," akasema. Mama. Akalirudia neno hilo kwa watu wake, akaongeza mengine ambayo sikuyaelewa, na hasira ikashuka. Kisha akanigeukia. "Mama hana kaburi moja. Haifai kukosa mbili. Chukua. Lakini mlaze ubande ya kulia, uso Makka." Akanyoosha fimbo kuelekea kaskazini. "Kule. Umesikia? Sema umesikia."

"Nimesikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia na nilikuwa nimeahidi.

Walimtoa wao wenyewe. Askari walipanda juu ya lori wakavuta, wafugaji walikuwa chini wakasukuma, na mzee na yule koplo walishika ncha moja ya sanda, mikono yao inagusana, kila mmoja anaangalia asimwangushe. Mke wa mzee alituma ubani wa kutosha njia nzima. Tukaufukiza kambini usiku kucha, tukafunika sanda kwa magunia yaliyoloweshwa, na alfajiri tukavuka daraja.

Saa ya kufika nyumbani sitaieleza. Mama alituona tunashuka kutoka lori la jeshi, na hakuuliza yupo wapi.

Seremala wa kijiji alitengeneza sanduku. Mhubiri akaja na kwaya. Mimi nilibaki na ndugu yangu chumbani dakika chache, nikamgeuza ubavu wa kulia, nikampangia blanketi mgongoni asirudi chali. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kwa wachimbaji. Makaburi yetu yote yamelala kwa mstari, vichwa juu kwenye mlima, tangu babu. Nikanyoosha kamba ardhini kwa upana, ili uso wake uelekee kaskazini, nikawaambia hili lake walikate hivi. Wakashika viuno. Mhubiri akaitwa, akasema hajawahi kuona, akauliza ni desturi gani hiyo nimeitoa huko kwa watu wa jangwani. Nikasema udongo wa upande ule ni mgumu. Mtu mmoja akapiga jembe upande ule, likazama mpaka mpini.

Kelele zikamfikia mama. Akaja akijikokota, amejifunga kanga kiunoni. Akatazama kamba niliyoinyoosha ardhini, akatazama makaburi mengine, akanitazama mimi. Nilikuwa tayari kumwambia kila kitu, mbuzi, safu, ngoma, fimbo ya mzee. Nilifungua kinywa.

"Mwacheni alale hivyo," akawaambia wachimbaji. "Huyu hata tumboni mwangu alilala mkingamo. Wakunga walimgeuza mchana kutwa na akakataa."

Akaketi chini kwenye udongo uliotolewa, wakaanza kuchimba.